Silinda hedi na menifoldi ya inteki kwa V8 ya kizamani ya Kimarekani: chagua kwa injini uliyonayo

Mtu akishapata Camaro, Mustang, Charger au GTO ya zamani, kitu cha kwanza anachotaka kugusa ni silinda hedi na menifoldi ya inteki, ile inayokaa chini ya kabureta, na wala hajakosea, manake injini ni pampu ya hewa na hewa yote inapita hapo. Shida iko kwenye kuchagua. Anaona hedi ina poti (njia za hewa) kubwa kweli, anaona menifoldi ndefu ya gari za mashindano, ananunua zote mbili, anafunga, afu gari inakuwa nzito kuondoka kuliko mwanzo, kwenye sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) inatetemeka kama ina misi, mafuta inakunywa balaa, na mwenye gari anachanganyikiwa kwa sababu kila kitu alichonunua ni kizuri na kimetengenezwa na kampuni yenye jina. Ni kweli ni vizuri ila havijuani. Hedi, menifoldi, kamshafti, kompresheni (mchanganyiko unabanwa mara ngapi) na difu lazima viwe vinafanya kazi kwenye mzunguko mmoja wa injini, kimoja kikivuta juu na kingine kikivuta chini unapoteza kotekote.

Kwahiyo kabla hujafungua katalogi yoyote jiulize hii injini inaishi wapi, yaani rpm (mizunguko kwa dakika) ngapi. Gari ya barabarani yenye difu ya 3.08 (uwiano wa gia zake) na gia boksi ya otomatiki yenye konveta ya kawaida inakaa kati ya 1,500 na 4,500 muda wote, inafika 5,500 mara chache ukikanyaga kwelikweli. Gari yenye difu ya 3.73 au 4.10 na gia ya mkono hiyo inaweza kukaa juu zaidi. Andika namba yako kwenye karatasi na uwe mkweli, sio namba unayoitamani, manake kila uamuzi unaokuja huko mbele unarudi kwenye hiyo namba.

Kitu cha pili ni kujua una injini gani. Gari hizi zina miaka zaidi ya hamsini, zimeshabadilishwa mikono, na injini iliyomo unaweza kukuta sio ya gari hilo kabisa. Usisome stika, soma namba ya kastingi iliyomo kwenye chuma chenyewe. Kwenye Chevrolet nyingi ya hedi iko chini ya kava ya valvu, fungua kava uangalie. Ya bloku iko nyuma karibu na gia boksi. Ukishakuwa na namba mbili hizo ndo unaanza kujua nini kinaingia na nini hakiingii, na hapa wacha nikae kidogo kwa sababu hapa ndo hela nyingi zinapotea.

Smolibloku (V8 ndogo) ya Chevrolet ilianza 1955 na watu wanasema hedi zote zinaingiliana. Kwenye bloku ni karibu kweli, kwenye vinavyofungwa juu na pembeni sio kweli. Hedi za kabla ya 1969 hazina matundu ya bolti kwenye ncha zake ya kufungia vifaa kama alteneta na pampu ya stelingi, kwahiyo ukiziweka kwenye gari ya 1970 unabaki umeshika alteneta mkononi hujui pa kuifunga. Hedi za chuma za 1987 mpaka 1995, bolti za katikati za menifoldi zina pembe tofauti, menifoldi ya zamani haikai vizuri. Zile za Vortec za kuanzia 1996, za malori ya GM, zina bolti nane tu za menifoldi badala ya kumi na mbili, kwahiyo lazima ununue menifoldi ya Vortec. Na kama bloku yako ni 400 (namba hizi za injini ni inchi za ujazo), hedi lazima ziwe na matundu madogo ya kupitishia mvuke, bila hayo injini inachemsha na utabadilisha rediata mpaka uchoke. Hayo matundu yanatobolewa, ila utoboe kabla ya kufunga.

Ford ndo wamechanganya zaidi. 302 na 351 Windsor zinafanana kwa macho lakini bloku ya 351 ni ndefu, uso wake wa juu uko karibu inchi 9.5 toka kwenye kranki wakati wa 302 ni kama inchi 8.2, kwahiyo V ya injini ni pana na menifoldi ya 302 haifiki ng'ambo. Hedi zenyewe zinahamishika, ila bolti za 302 ni inchi 7/16 na za 351 ni nusu inchi, kwahiyo hedi ya 351 ukiiweka kwenye 302 unahitaji bushi. Halafu kuna 351 Cleveland ambayo ni injini nyingine kabisa pamoja na namba kufanana, menifoldi yake haipitishi maji na ya Windsor inapitisha. Na hapo kwenye Cleveland utasikia 2V na 4V, watu wengi wanadhani ni idadi ya valvu, hapana, ni midomo ya kabureta. Hedi ya 4V ina valvu ya inteki ya inchi 2.19, ni kubwa mno kwa injini ya inchi za ujazo 351 inayotembea mjini, chini ya 3,500 hivi unaisikia kabisa imelala. Mi ningekuwa na Cleveland ya barabarani ningebaki na poti za 2V na nisingeona aibu.

Mopar (Dodge, Plymouth na Chrysler) za bigibloku, yaani V8 kubwa, zina mtego mmoja tu wa kukumbuka: 383 na 440 zinashirikiana hedi lakini hazishirikiani menifoldi, kwa sababu ileile ya urefu wa bloku. Pontiac ni kinyume, kuanzia 1965 bloku zao kwa nje ni saizi moja toka 326 mpaka 455, menifoldi inahama bila shida, ila pistoni zao nyingi ni bapa kwahiyo kompresheni inaamuliwa na chemba ya hedi, lile shimo ambamo mchanganyiko unaungulia. Ukichukua hedi ya 400 yenye chemba ya cc 72 ukaiweka kwenye 455, kompresheni inaruka juu sana na petroli ya pampu haitoshi.

Na kompresheni ndo kipimo cha kwanza cha hedi, kabla hata ya poti. Kuanzia 1971 GM walishusha kompresheni ili gari zikubali mafuta yenye risasi kidogo, na ndo maana hedi za miaka hiyo ya 70 zina chemba kubwa za cc 76 wakati zile za miaka ya 60 za injini kali zilikuwa kama cc 64. Tufanye hesabu ya Chevrolet 350 uone. Silinda moja inabeba karibu cc 717. Chukua pistoni bapa yenye vichongo vya valvu vya cc 6, gasketi ya unene wa inchi 0.039 ambayo ni kama cc 8.4, na pistoni inayobaki inchi 0.025 chini ya uso wa bloku, hapo kuna cc 5 nyingine. Ukiweka chemba ya 76 jumla ni kama 95.5, ongeza 717 gawa kwa 95.5, unapata kompresheni ya 8.5 kwa 1. Weka chemba ya 64, jumla inakuwa 83.5 na kompresheni 9.6 kwa 1. Injini ileile, kamshafti ileile, umebadilisha chemba tu na tayari unaisikia mguuni. Kwahiyo mtu mwenye 350 ya miaka ya 70 akiniuliza, namwambia chemba ndogo kwanza, poti baadae.

Ila fanya hesabu na pistoni ulizonazo, usichukue za kwangu. Kama pistoni zina nundu juu, chemba ndogo itakupeleka 11 au 12 na injini itaanza kulia ukikanyaga, ule mlio kama kokoto kwenye bati, na ukiupuuza unatoboa pistoni. Kwenye bigibloku ya Chevrolet ni mbaya zaidi kwa sababu kuna chemba za wazi na za kufunga, na pistoni ya chemba ya wazi ukiiwekea hedi ya kufunga nundu inagonga hedi moja kwa moja. Kwa petroli nzuri ya pampu hedi ya chuma mi naishia 9.5 hivi, ya aluminiamu inaweza kwenda 10 au 10.5 kwa sababu inatoa joto haraka.

Hapohapo angalia nafasi inayobaki kati ya pistoni ikiwa juu na sehemu bapa ya hedi. Inatakiwa iwe karibu inchi 0.040, kama milimita moja. Nafasi hiyo ikiwa finyu mchanganyiko unasukumwa kwenda kwenye plagi na unaungua haraka, injini inakubali kompresheni zaidi bila kulia. Ikiwa pana kama 0.065 huo msaada haupo. Wengi wanaongeza gasketi nene ili kushusha kompresheni wakidhani wanaiokoa injini, kumbe wameondoa ile kitu iliyokuwa inazuia kulia.

Sasa poti. Katalogi zinauza hedi kwa ujazo wa njia ya inteki, cc 170, 180, 195, 210, 227 na kuendelea, na macho ya mtu yanaenda kwenye namba kubwa. Hewa inayopita njia nyembamba inakimbia, na hewa inayokimbia inaendelea kujaza silinda hata pistoni ikishaanza kurudi juu, plus petroli inabaki imechanganyika badala ya kudondoka kwenye kuta. Njia ikiwa pana kuliko uwezo wa injini kuvuta, hewa inajikokota. Kwa 350 ya barabarani 170 mpaka 195 inatosha, 383 ya Chevrolet (350 iliyowekewa kranki ndefu, sio ile ya Mopar) inabeba 195 mpaka 210 vizuri, zaidi ya hapo uwe na rpm za kuihalalisha. Kwenye bigibloku ndo zile poti za yai na za mstatili: za mstatili zilikuwa kwenye injini kali kama L88 na LS6, ni za juu huko, kwa 396 au 454 ya kutembelea yai ndo jibu.

Karatasi ya vipimo vya hewa isome vizuri pia. Vipimo vingi vinafanywa kwa mvuto wa inchi 28 za maji, kama hawajasema hivyo huwezi kulinganisha na karatasi nyingine. Afu usikimbilie namba ya mwisho kule valvu ikinyanyuka inchi 0.600 au 0.700, kamshafti yako labda inanyanyua valvu inchi 0.450 tu. Angalia 0.200 mpaka 0.450, kwa sababu valvu inapita hapo ikipanda na inapita tena ikishuka. Hedi inayozidi hapo katikati ni nzuri kuliko inayozidi kileleni. Ekzosi iwe inapitisha karibu robo tatu ya inteki, ikiwa chini sana injini inabanwa kutoa moshi, na usisahau kwamba hedi kali ukiifungia menifoldi za ekzosi za zamani zilizobana umeziba mlango wa nyuma wa nyumba uliyofungua madirisha.

Chuma au aluminiamu? Ukiwa na uwezo, aluminiamu. Ni nyepesi sana mbele ya gari, na ikipasuka inachomeleka. Ila ina adabu zake: weka washa (ringi bapa ya chuma) chini ya kila bolti, plagi usizikaze kama una hasira manake nyuzi zinakatika, na gasketi za bati jembamba zile za chuma usizitumie, aluminiamu inatanuka kuliko bloku na inasugua. Hedi za chuma za zamani bado zinafaa sana kama ni nzima, na ukizinunua mtumba usilipe kabla fundi wa mashini shopu hajazipima nyufa. Tikisa valvu kwenye gaidi (kibomba kinachoishika valvu), angalia zimeshaskimiwa (kukwanguliwa uso) mara ngapi, na za kabla ya miaka ya 70 mwanzoni nyingi zina siti za valvu laini zilizotegemea mafuta yenye risasi, kwahiyo wekea siti ngumu wakati iko mezani. Ukijumlisha hizo kazi zote wakati mwingine hedi mpya ya aluminiamu inakuwa bei ileile, piga hesabu kabla hujaanza.

Springi za valvu lazima ziendane na kamshafti. Nimeona mtu amenunua hedi kali, amechukua kamshafti kubwa kwa rafiki, springi zikafika mwisho kabla valvu haijafungua yote na kamshafti ikaliwa siku ya kwanza. Acha nafasi ya inchi 0.060 kabla springi haijagandana. Hedi za Vortec kama zilivyotoka kiwandani zinaishia kama inchi 0.46 za kunyanyuka, zaidi ya hapo kikombe cha springi kinagonga gaidi. Na hedi za zamani zenye stadi za kupigiliwa, ukiweka springi ngumu stadi zinang'oka taratibu, badilisha uweke za kufunga kwa nyuzi.

Tukija kwenye menifoldi ya inteki, uamuzi mkubwa ni dabo pleni au singo pleni. Dabo pleni imegawanya injini mara mbili. Chevrolet inawaka 1-8-4-3-6-5-7-2, kwahiyo upande mmoja wa kabureta unalisha 1, 4, 6, 7 na mwingine unalisha 8, 3, 5, 2, yaani silinda zinapokezana, kila upande unavutwa mara moja kila nyuzi 180 za kranki. Matokeo yake kabureta inasikia mvuto safi hata injini ikiwa chini, inachanganya vizuri, sailensa inatulia, breki zenye basta zinapata vakyumu ya kutosha. Singo pleni ni chumba kimoja wazi na njia fupi zilizonyooka, juu huko inapumua vizuri kuliko dabo, chini inakufa.

Mfano mzuri ni familia ya menifoldi za kampuni ya Edelbrock kwa smolibloku kwa sababu wameandika wenyewe: Performer ni ya kuanzia sailensa mpaka 5,500, Performer RPM ni 1,500 mpaka 6,500, na Victor Jr. ni 3,500 mpaka 8,000. Rudi kwenye ile namba uliyoandika kwenye karatasi. Kama gari yako inaishi 1,500 mpaka 5,500 hiyo ya tatu haikuhusu kabisa, hata kama ndo nzuri kwa macho. Kuna 350 moja tuliivulia singo pleni tukairudishia dabo pleni ndefu, hatukugusa kitu kingine zaidi ya kusetia kabureta upya, na gari ikaanza kuchomoka kwenye taa kama imebadilishiwa injini. Mwenyewe alikuwa ameshaanza kutafuta difu nyingine.

Zile zenye uwazi chini ya njia za hewa, ambapo oili ya moto hairukii chini ya njia, zinaleta hewa ya baridi na nguvu kidogo zaidi. Ila asubuhi ya baridi injini inachelewa kutulia, na choki ya kizamani ya springi inayotegemea joto la menifoldi itakusumbua, badilisha uweke ya umeme.

Kabureta na menifoldi viendane kwa matundu. Quadrajet ina midomo miwili midogo mbele na miwili mikubwa sana nyuma, Holley nyingi zina midomo inayokaribiana mraba. Ukiweka Quadrajet kwenye menifoldi ya mraba bila adapta sahihi inavuta hewa pembeni na hutaisetia ikakubali. Saizi ya kabureta ni hesabu rahisi, zidisha inchi za ujazo kwa rpm gawa kwa 3,456. 350 kwa 6,000 ni kama CFM (futi za ujazo za hewa kwa dakika) 608, na injini ya barabarani inajaa kama asilimia 85 tu kwahiyo 516. CFM 600 inatosha na chenji inabaki. Wanaoweka 850 hapo wanaharibu kazi nzuri ya hedi.

Urefu wa menifoldi upime kabla ya kununua. Weka vidonge vya udongo wa kuchezea watoto juu ya kifuniko cha eya klina, shusha boneti polepole, fungua upime udongo ulivyobanwa, hiyo ndo nafasi uliyonayo. Linganisha na tofauti ya urefu kati ya menifoldi ya zamani na mpya.

Siku ya kufunga, weka menifoldi kavukavu kwanza bila gasketi za mbele na nyuma, angalia matundu ya bolti yanakutana na poti zinakutana. Hedi ikishaskimiwa inakaa chini, menifoldi haikutani nayo tena, na ukiilazimisha kwa bolti inavuta oili kutoka chini na moshi wa bluu hutajua umetoka wapi. Poti ya menifoldi ikiwa ndogo kidogo kuliko ya hedi sio tatizo, ikiwa kubwa hewa inagonga ukuta, hiyo ichonge ukifuata gasketi. Zile gasketi za koki (kama kizibo cha chupa) za mbele na nyuma mi naziacha kwenye boksi, naweka silikoni nene kidogo, inakaa. Bolti za hedi za smolibloku ya Chevrolet zinaingia kwenye maji, paka dawa kwenye nyuzi, kaza kwa hatua tatu mpaka futi-pauni 65 ukianzia katikati kwenda nje. Za menifoldi futi-pauni 30 hivi, nazo toka katikati, na uzirudie injini ikishapata moto na kupoa.

Kabla ya kufunga hedi moja kwa moja hakikisha valvu haigusi pistoni. Bandika udongo uleule kwenye pistoni, funga hedi kwa majaribio, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, fungua ukate udongo upime: inteki ibaki angalau inchi 0.080 na ekzosi 0.100. Pima pia urefu wa pushrodi, hedi mpya zikiingia usiamini za zamani, paka wino kwenye ncha ya valvu zungusha uone alama ya roka inakaa katikati.

Hedi na menifoldi zako za zamani usiuze hata kama mtu anakusumbua, zipake oili, zifunge, ziweke mahali pakavu, manake gari yenye vitu vyake vya kuzaliwa ina thamani nyingine kabisa siku ukitaka kuirudisha. Na kama hupendi mng'ao wa aluminiamu kwenye injini ya kizamani, piga menifoldi mpya rangi ya injini, ile chungwa ya Chevrolet au bluu ya Ford, ikikauka mtu mpaka ainame na tochi ndo ajue.